Funguo Zimeshuka Kreta

Hoja ya ufunguo mmoja ililetwa na baba watoto, na kama kawaida yake aliileta wakati ugali uko mezani na watu wana njaa, ili ipite bila mjadala. Alisema nyumba yetu hapa Karatu ina milango mingi kuliko watu, kila mlango una kitasa au kufuli yake, kila kufuli ina ufunguo wake, na kila ufunguo una mtu aliyeushika mara ya mwisho ambaye hakumbuki. Dawa ni moja tu: milango yote ifunguliwe na ufunguo mmoja.

"Ukiwa nao unaingia popote," alisema. "Ukiwa huna, huingii popote. Mambo yanakuwa mepesi."

Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, aliacha kumega tonge. "Na stoo?"

"Hata stoo, mama."

"Basi msubiri nife kwanza."

Mjadala ukaanza hapo, na mahindi yalipandwa, yakapaliliwa na kuvunwa bado tunabishana.

Kwanza ieleweke tita la funguo tunalolizungumzia. Nasema tita kwa sababu mzigo ule haustahili jina dogo. Ufunguo wa mlango wa mbele umepakwa rangi ya kucha iliyobaki kwenye sendofu ya binti wa jirani. Wa mlango wa jikoni umezungushiwa uzi. Wa banda la kuku ulivishwa mpira wa bendi ambao uliyeyuka kwa jua ukawa gundi, kwa hiyo ukiushika wa kuku unaondoka na wa choo cha nje. Wa kufuli ya geti la nondo hauna alama, na kutokuwa na alama ndiyo ingekuwa alama yake, kama wasingekuwapo wengine wawili wasio na alama. Halafu kuna mmoja mkubwa, wa rangi ya shaba, usiofungua chochote katika nyumba hii. Ulikuja na sanduku la mama mkwe, na amekataza usitupwe. Anasema siku utakapoutupa ndiyo siku mlango wake utakapoonekana.

Sasa mpe mtu tita hilo saa mbili usiku, umeme umekatika, mwezi ni Julai na baridi ya Karatu imeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro. Simu yenye tochi ameiuma kwa meno, mkono mmoja una mfuko wa nyanya, mwingine unapapasa. Anajaribu wa kwanza, haugeuki. Wa pili unaingia nusu. Wa tatu unageuka vizuri, anafurahi, kumbe kilichogeuka ni kichwa cha ufunguo peke yake. Mwili umebaki ndani ya kitasa.

Vumbi letu nalo lina kesi ya kujibu. Udongo mwekundu wa Karatu hauachi tundu, na kiangazi upepo unaupuliza hadi kwenye chumvi. Mama mkwe aliwahi kukitibu kitasa cha jikoni kwa samli. Kiligeuka vizuri sana, tukamsifu. Halafu vumbi likakutana na samli, vikashikana, na tundu la ufunguo likajaa donge jeusi ambalo sisimizi walikuja kulihamisha kwa awamu. Tulipokipeleka kwa fundi wa kuchonga funguo, alikichungulia, akakinusa, akaniuliza kwa upole: "Mama, mnakaangia humu?"

Fundi huyo ana meza, mwavuli, jiliwa moja na tupa za kila unene, na anachonga ufunguo huku akizungumza na watu watatu. Anaubana ufunguo wako ndani ya jiliwa ubavu kwa ubavu na mwingine ambao haujachongwa, anapitisha tupa mara chache, anapuliza, anainua juu kwenye mwanga, anarudisha. Kama huna hata ufunguo wa kuigizia, anaufukizia mpya kwa moshi wa mshumaa mpaka uwe mweusi, anauingiza kwenye kitasa, anauzungusha kidogo na kuutoa. Pale masizi yalipokwanguka ndipo chuma kinapogusa, na hapo ndipo tupa inapita. Alitushauri tusitie mafuta ya aina yoyote kwenye kitasa katika mji wenye vumbi. Penseli inatosha: unasugua risasi yake kwenye meno ya ufunguo, unaingiza, unazungusha, na unga wake unalainisha bila kushika mchanga.

Kisha akakifungua kitasa chetu mezani. Ndani mlikuwa na vibati vitatu vyembamba vilivyolaliana, kila kimoja na springi yake. Ufunguo ukizunguka, kila jino linainua kibati chake hadi kimo chake, si juu zaidi wala chini zaidi, na vyote vikilingana, ulimi wa kitasa unapita. Kijana wetu mkubwa, aliye kidato cha pili na mwenye simu isiyolala, akatusomea kwamba hataza ya kanuni hiyo ilitolewa Uingereza mwaka 1778 kwa mtu aitwaye Robert Barron. Fundi alisema hamjui, ila kazi yake anaiheshimu. Kuvifanya vitasa vinne vitii ufunguo mmoja, alieleza, ni kazi ya mchana mmoja: anavifungua, anavipanga vibati upya ili vyote viwe na vimo vilevile, anavifunga.

Akaongeza jambo ambalo hatukulitia maanani. Vitasa vya bei nafuu vina vibati vichache, na kiwanda hakijisumbui kuvikata kwa vimo vingi, kwa hiyo funguo hujirudia. "Ukinunua kumi," alisema, "viwili vinaweza kuwa ndugu." Tulicheka, tukalipa, tukaenda zetu.

Nyumbani kila mmoja akachukua upande. Baba watoto alisimamia wepesi. Kijana mkubwa aliunga mkono ufunguo mmoja kwa wote, mradi chumba chake kiwe na wa kwake. Mama mkwe hakuwa na haja ya hotuba. Ufunguo wa stoo ameufunga kwenye pindo la khanga yake, na ndani ya stoo kuna magunia ya mahindi, maharage, vitunguu vya Mang'ola na sukari ambayo hesabu yake anaijua yeye na Mungu. Katika nyumba yenye mke na mama mkwe, mwenye ufunguo wa stoo ndiye mwenye serikali. Kuomba ufunguo ule ufanane na wa mlango wa mbele ni kuomba aachie madaraka bila uchaguzi.

Aliyenifumbua macho ni dada anayetusaidia kazi. Alisikiliza wote, akamaliza kuosha vyombo, ndipo akasema: "Mimi sitaki huo ufunguo mmoja. Leo napewa wa jikoni tu. Sukari ikipungua stoo, hakuna anayenitazama. Siku ufunguo wangu utakapofungua stoo, hata panya akila mtasema ni mimi." Nilikuwa nimeufikiria ufunguo kama kitu cha kumzuia mtu. Sikuwa nimefikiria kwamba ufunguo usioweza kufungua unaweza kumlinda anayeushika.

Wifi yangu, anayefanya usafi wa vyumba kwenye loji moja kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, alituambia wenzetu walishalimaliza suala hili. Mgeni ana ufunguo unaofungua chumba chake tu. Mhudumu ana unaofungua vyumba vya mstari wake. Meneja ana masta, inafungua vyote. Kila kitasa kimetengenezwa kimkubali mwenye nyumba mdogo na mwenye nyumba mkubwa. Baba watoto alifurahi: hata sisi tufanye hivyo! Wifi akauliza, "Sawa, na meneja ni nani?" Kimya kilichofuata kilituonyesha kwamba mfumo wa loji haufai kwa familia. Watu wawili walikuwa wamekohoa kwa pamoja, na mama mkwe alikuwa mmoja wao.

Kesi yenyewe iliamuliwa na Ngorongoro.

Baba watoto ni dereva wa kuongoza watalii. Siku ya kushusha wageni kreta anaondoka kabla hakujapambazuka, kwa sababu geti la Lodoare hufunguliwa saa 12 asubuhi na magari hupanga foleni. Ana tabia ya kutuacha familia tumelala, anafunga kufuli ya geti la nondo kwa nje ili vibaka wasitusumbue, kisha anapitisha funguo dirishani na kuzitupa kwenye kochi. Asubuhi hiyo wageni walikuwa wameshapiga simu. Akafunga kufuli, akatia tita zima kwenye mfuko wa koti, akaondoka.

Tuliamka tukiwa mahabusu. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, ufunguo wake uko kwenye tita. Madirisha yote yana nondo, tena nondo nzuri, tulizilipia kwa mkopo. Kitinda mimba, ambaye kila siku ya shule huamka na tumbo linalouma, siku hiyo alilia kwa uchungu kwamba anachelewa. Muuza maziwa alifika, na kwa kuwa sufuria haikupita, alitupimia kikombe kimoja kimoja katikati ya nondo kwa uvumilivu wa daktari. Jirani alileta maandazi, akayapenyeza lile moja lile jingine, kisha akageuza ndoo, akaketi nje ya geti na kuniuliza nimehukumiwa miezi mingapi na kama dhamana ipo wazi.

Nilipiga simu. Haipatikani. Kreta ina kina cha mita 600 hivi, na mtu aliyeshuka barabara ya Seneto usimtafute kwa simu, mtafute kwa maombi. Nikahesabu mahali ulipo ufunguo wangu: ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959, katika eneo ambalo UNESCO iliorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1979, kwenye bonde la kilomita za mraba zipatazo 260 zenye simba, nyati na faru, nyuma ya geti lenye askari. Benki yoyote ingeona wivu. Kufuli tu ndiyo ilikuwa nyumbani.

Shemeji yangu naye ni dereva, na siku hiyo alikuwa bado juu ukingoni anawapigisha wageni picha. Nikampata. Yeye ana redio koli, chombo ambacho madereva hutumia kuambizana wanyama wako wapi. Kwa maelezo yake mwenyewe, tangazo lilikwenda hivi: simba wawili wako kushoto ukitoka msitu wa Lerai, faru ameonekana mbali, na mwenzetu aliyefungia mkewe, mama yake na watoto ndani ya nyumba Karatu ajitokeze. Gari zote za kreta zikanyamaza. Kisha kutoka Ngoitokitok, pembeni ya dimbwi la viboko, sauti nyonge ikasema, "Nimekupata."

Kupanda mwenyewe asingeweza. Ada ya kushuka kreta inalipwa kwa gari, mbali na kiingilio cha kila mgeni, na hakuna mgeni aliyevuka bahari atakayekubali kugeuza njia kwa sababu ya kufuli. Kwa hiyo tita lilikabidhiwa kwa dereva mwingine aliyekuwa anapandisha wageni wake kwa barabara ya Lerai waje kula chakula cha mchana Karatu.

Huku nyumbani subira ilikuwa imeisha, na jirani alishamleta fundi na msumeno wa chuma. Fundi alikuwa amefika katikati ya upinde wa kufuli Landikruza iliposimama mbele ya nyumba. Dereva alishuka na funguo. Wageni hawakushuka. Walikuwa wametoka kwenye wanyama sasa hivi, paa la gari bado limeinuliwa, na mazoea ni mazoea: walisimama juu ya viti, wakaegemea ukingo, wakatuelekezea kamera. Nyuma ya nondo tulikuwa mimi, kitinda mimba akiwa na andazi mdomoni, dada wa kazi aliyejifunika uso, na mama mkwe ambaye aliwatazama mmoja mmoja mpaka mwisho.

"Hawa," aliuliza kwa sauti, "wamelipa kiingilio?"

Dereva aliona vibaya kutotafsiri. Wageni walicheka, tukacheka, na hapo ndipo ikanijia kwamba kazi bado, kwani katika tita lile funguo zisizo na alama zilikuwa tatu. Nikapenyeza mkono nje nikaanza kujaribu. Fundi alisema hawezi kuacha kazi katikati, akaendelea kukata. Ufunguo wa tatu uligeuka sekunde ileile upinde ulipokatika. Mpaka leo baba watoto anadai kufuli ilifunguliwa kwa ufunguo, fundi anadai ilifunguliwa kwa msumeno, na mimi ndiye niliyelipa.

Mabaki ya kufuli nilimpa mtu wa Mang'ola. Kule wahunzi wa Kidatoga huyeyusha shaba chakavu, kufuli kuukuu na koki za bomba, na kutengeneza bangili. Niliona ni vizuri kufuli ile ipate kazi nyingine ya kufunga mkono wa mtu anayependa kufungwa.

Jioni hiyo kikao kilikaa, na safari hii tulikula kwanza. Kijana mkubwa alifungua kwa utafiti. Alisema huko London palikuwa na kufuli ya fundi Joseph Bramah iliyowekwa kwenye dirisha la duka zaidi ya nusu karne, na tangazo kwamba atakayeifungua bila ufunguo atapewa gini 200. Mwaka 1851 akatokea Mmarekani, Alfred Hobbs, akaifungua, kwa zaidi ya saa 50 za kazi alizozigawa kwa siku kadhaa.

"Saa 50," mama mkwe alisema. "Na muda wote huo mwenye nyumba yuko wapi?"

Kisha akazungumza yeye. Kwao, Wairaqw wa upande wa Kainam kule Mbulu, wazee walijenga tembe zilizochimbiwa ubavuni mwa mlima, paa limefunikwa udongo, hata mtu akitazama kwa mbali asijue kuna nyumba. Zilikuwa nyakati za kuvamiwa na kuporwa mifugo. Mlango ulikuwa mmoja, watu na ng'ombe humo humo. Ufunguo? Hakuna. Mwizi akiingia usiku anamkanyaga ng'ombe, ng'ombe anamkanyaga mwizi, watu wanaamka. Shemeji akaongeza kwamba hata leo kwenye boma la Wamaasai, ng'ombe wakisharudi jioni, matawi ya miba huvutwa kuziba lango, na anayevuta yuko ndani.

Ndani. Neno hilo lilinitosha. Tulikuwa tumebishana miezi yote kuhusu idadi ya funguo, na hakuna aliyeuliza funguo zikae upande gani. Je, kama asubuhi ile jiko la gesi lingewaka moto? Nondo nzuri, kufuli nzuri, na ufunguo unatazama viboko. Mwizi angezuiwa, ndiyo, na sisi pia.

Maamuzi yakapitishwa. Moja, hakuna kufuli kufungwa kwa nje wakati watu wako ndani, awe ni baba watoto au Rais. Mbili, milango ya kutokea, yaani wa mbele na wa jikoni, iwe na ufunguo mmoja, kila mtu apewe nakala yake, na moja itundikwe ukutani ndani, mbali na mkono wa dirishani. Mtu anayekimbia hana nafasi ya kuchagua rangi ya kucha. Tatu, stoo ibaki na ufunguo wake, kwa heshima ya mama mkwe na kwa usalama wa dada wa kazi. Nne, chumba cha kijana mkubwa kiwe na komeo la ndani na kisiwe na ufunguo, aache kutusomesha.

Vitasa tulinunua mnadani tarehe 25, mahali ambapo Karatu hununua kila kitu kuanzia mbuzi hadi ndoo. Muuzaji alikuwa navyo tele, pakiti zinazofanana, na bei ilikuwa nzuri. Fundi alivipanga vibati, akavifunga, nyumba ikatulia. Kitinda mimba alivaa nakala yake shingoni kwa kamba ya kiatu na akatembea mtaani kama diwani.

Haukupita muda mrefu, jirani akaja na uso wa mtu anayetafuta maneno. Amerudi kutoka gengeni, amekuta mlango wake aliouacha umefungwa uko wazi, na kitinda mimba wetu amekaa mezani kwake anakula wali. Mtoto aliulizwa ameingiaje. Akaonyesha shingo.

Tulijaribu wote wawili, tukishuhudiwa na nusu ya mtaa. Ufunguo wetu unafungua kwake. Ufunguo wake unafungua kwetu, mbele na jikoni. Alinunua kitasa mnada uleule, kwa muuzaji yuleyule, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia bei ni nzuri. Fundi alipoitwa hakushangaa. "Niliwaambia ni ndugu," alisema, akatoa bei ya kuvipanga upya.

Bei hiyo ndiyo tunayojadili sasa. Baba watoto anasema hoja yake imefaulu kupita alivyotarajia, kutoka milango yote ya nyumba hadi nyumba zote za mtaa. Jirani anasema vibadilishwe vya kwetu kwa sababu sisi tuko wengi. Mimi nasema kibadilishwe cha kwake kwa sababu ni kimoja. Kitinda mimba, ambaye hakuulizwa, anaomba tusiharakishe: kwa jirani, Jumatano ni pilau.